Roboti akifanana sana na mtu mwili unasisimka, na nadhani najua kwa nini

Sisi tuliokulia Pwani wote tumelishwa hii stori, iwe Tanga, Mombasa, Unguja au Dar hii hii, kinachobadilika ni jina la barabara tu. Jamaa anaendesha gari usiku, anamkuta dada kasimama pembeni, mzuri, kavaa buibui, ananukia udi, anaomba lifti. Jamaa anampakia, wanapiga stori njia nzima, dada anacheka, anajibu vizuri, sauti tamu, hakuna hata kimoja cha kumtia shaka, halafu wakati wa kushuka taa ya ndani ya gari inawaka, jamaa anaangalia chini anaona kwato. Kwato za punda, wengine wanasema za mbuzi. Stori inaishia hapo, au inaishia jamaa kalazwa na homa wiki nzima.

Sasa angalia vizuri ilivyopangwa. Yule jini hana vichwa saba wala hatoi moto mdomoni. Zimwi la hadithi za bibi lilikuwa kubwa kuliko nyumba, linameza watu wazima wazima, na bado tulilipenda, tulikuwa tunaomba lirudiwe kesho. Huyu wa barabarani ndo aliyetufanya tuogope kwenda chooni usiku, kwa sababu alikuwa mtu kabisa, kila kitu chake kiko sawa, ispokuwa miguu. Waliotunga stori hii hawakusoma saikolojia ya aina yoyote lakini walijua kitu ambacho watengeneza maroboti wamekihangaikia zaidi ya miaka 50, kwamba kinachotutia hofu kuliko vyote ni kile kilichokaribia kabisa kuwa sisi halafu kikakosea kidogo.

Twende Kigali. Mwezi wa tano 2019 kwenye mkutano wa Transform Africa alipelekwa Sophia, yule roboti wa kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, ambaye Oktoba 2017 Saudi Arabia ilitangaza imempa uraia. Kigali wakamvalisha mushanana, vazi la heshima la akina mama wa Rwanda, akasimama mbele za watu akasalimia. Bila shaka umeshaziona klipu zake. Mtafute umwangalie taratibu, usisikilize anachosema, angalia uso tu. Neno limeshaisha na mdomo bado unafunga. Tabasamu linakuja lakini macho hayajui kama kuna tabasamu, yamebaki yanatazama mbele. Anakupa macho, anayatoa, anayarudisha, kila kitu kwa mwendo mmoja. Ngozi yake imetengenezwa vizuri mno, ina mikunjo, ina rangi ya damu mashavuni, na kisogoni wamemwacha wazi unaona nyaya na vyuma. Na ajabu kwangu mimi ile sehemu ya kisogo ndo inanipa amani kuliko uso.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa tano 2020, Kigali hiyo hiyo, wakati Corona imepamba moto, Rwanda ikapokea maroboti matano kwa msaada wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya kupima joto la watu na kupunguza wauguzi kukaribiana na wagonjwa. Wakayapa majina ya Kinyarwanda, Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Hayo hayakufanana na mtu hata kidogo, plastiki nyeupe, kioo mbele, uso wa roboti kabisa. Sasa mimi najiuliza swali moja tu, nimelala wodini, nina homa, saa nane za usiku, mlango unafunguka, nani aingie? Namtaka Akazuba. Na sidhani kama ni mimi peke yangu, waulize watu kumi nyumbani kwako uone.

Aliyeliandika hili mapema kuliko wengi ni Mjapani mmoja, Masahiro Mori, profesa wa roboti pale Tokyo Institute of Technology. Mwaka 1970 aliandika insha fupi, haikuwa na vipimo vya maabara, ilikuwa mawazo yake tu na grafu alizozichora mwenyewe. Alisema hivi, chukua roboti la kiwandani lile lenye mkono mmoja wa chuma, hatulipendi wala hatulichukii. Lipe kichwa, mikono miwili, macho kama ya mdoli wa mtoto, tunaanza kulipenda. Endelea kulifananisha na mtu, mapenzi yanazidi kupanda, yanapanda, halafu kabla hujafika kwenye mtu kamili mstari unadondoka ghafla chini kabisa, kisha ndo unapanda tena ukishamfikia mtu mzima wa afya. Pale unapodondoka akapaita bonde. Na ndani ya bonde aliweka maiti, na chini zaidi ya maiti akaweka maiti inayotembea.

Lakini kilichonishika mimi kwenye insha ile ni mkono, grafu inakuja baadaye. Mori anaeleza mkono wa bandia wa siku zile, umetengenezwa una mishipa, una kucha, una hadi alama za vidole, ukiuona kwa mbali unasema ni mkono wa mtu. Sasa unasalimiana nao kwa kushikana, na unashika kitu cha baridi, kilegevu, hakina mifupa ndani. Wewe ulishajiandaa kushika mkono, ubongo wako ulishatoa oda ya joto na mfupa na nguvu ya kubana kidogo, halafu unapewa kitu kingine. Anasema hapo hapo mapenzi yote yanaisha. Kwa kweli sijawahi kusoma maelezo mafupi yaliyoeleweka kuliko hayo, kwa sababu hapo unaona kwamba tatizo halikuwa ubaya wa mkono. Mkono ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba uliahidi kitu.

Akaongeza na habari ya mwendo, kwamba kitu kikianza kutembea kila kitu kinazidi, kupendwa kunazidi na kutisha kunazidi. Yeye alitoa mfano wa fundi anayeamka usiku wa manane kutafuta kitu kwenye karakana iliyojaa masanamu ya kuvalisha nguo, yaanze kusogea. Mimi nikisoma pale nawaza Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, zile sanamu za akina mama zenye mahipsi zimepangwa nje ya maduka, mchana unazipita unazigusa na bega wala hujali, nyingi hazina hata vichwa. Zenye vichwa ndo utakuta zina macho ya kuchorwa, bluu, kope ndefu, na moja imebanduka rangi ya jicho. Saa tano usiku maduka yakifungwa ukaiona moja ya zile zenye macho imesahaulika ndani ya kioo, utaongeza mwendo. Na haijasogea bado.

Basi swali ni kwa nini. Mori mwenyewe aliwaza labda ni silika ya kujilinda, tunakwepa maiti na vitu vinavyoweza kutudhuru kwa karibu, magonjwa na kadhalika. Inawezekana, sikatai. Ila majibu yaliyokuja baadaye kwangu mimi yana uzito zaidi, na mengi yanarudi kwenye ule ule mkono wa bandia.

Kuna utafiti ulioongozwa na Ayse Pinar Saygin wa chuo kikuu cha California San Diego, ulitoka 2012. Waliwalaza watu 20 kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha video za vitendo vya kawaida, kupunga mkono, kunywa maji, kutikisa kichwa. Vitendo vilikuwa vile vile lakini watendaji watatu, wa kwanza mtu kweli, wa pili Repliee Q2 roboti la Kijapani lenye sura ya mwanamke, wa tatu ni roboti huyo huyo kavuliwa ngozi, vyuma vitupu. Mtu kweli ana sura ya mtu na mwendo wa mtu, ubongo umetulia. Vyuma vitupu vina sura ya mashine na mwendo wa mashine, ubongo umetulia. Yule wa katikati mwenye sura ya mtu na mwendo wa mashine ndo ubongo ukahangaika, hasa lile eneo la juu kwa nyuma linalounganisha unachokiona na unachokijua kuhusu miili inavyosogea. Yaani ubongo unakaa unabashiri muda wote, huyu akiinua kikombe kiwiko kitakuja hivi, bega litasogea hivi, na kila ubongo unapokosea inabidi ufanye hesabu upya. Ukiona roboti kama lile unachoka na hujui umechoshwa na nini.

Na kwenye sauti ni hivyo hivyo, kuna utafiti wa 2011 walichanganya, uso wa roboti wakaupa sauti ya mtu, uso wa mtu wakaupa sauti ya roboti, na hao waliochanganywa ndo walioonekana wa kutisha kuliko roboti mwenye sauti ya roboti. Roboti akiongea kama roboti hana kesi na mtu.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye kitu ambacho nimekifikiria sana mimi mwenyewe, salamu zetu. Watafiti walipima lugha kumi duniani, ikiwemo moja ya Namibia, wakakuta mtu akiulizwa kitu anajibu ndani ya muda mfupi mno, wastani kama sehemu moja ya tano ya sekunde, kila lugha ina tofauti yake ndogo lakini zote zimekaa hapo hapo. Sasa fikiria Kiswahili tulivyo na salamu ndefu, shikamoo marahaba, hujambo sijambo, habari za nyumbani nzuri, watoto hawajambo, za kazi salama, tena zinapandana, mwenzako hajamaliza wewe umeshajibu, watu wanasalimiana hata wanapishana njiani hawajasimama na salamu inaisha kila mtu ameshafika mbali. Ule mwendo wa haraka haraka ndo heshima yenyewe. Ukimwamkia mzee shikamoo akanyamaza sekunde mbili ndo aseme marahaba, wewe tayari umeshaanza kuwaza, kuna nini, nimemkosea, anaumwa, kuna msiba? Sekunde mbili tu. Sasa mashine yenye uso wa mtu unaiambia shikamoo inakutumbulia macho, inatafuta, halafu inatoa marahaba iliyonyooka bila kupanda wala kushuka. Spika ya mezani au programu ya kwenye simu ikichelewa hivyo mimi nasubiri bila wasiwasi, maana haina uso. Ni ule uso unaofanya kimya kiwe tusi.

Macho nayo. Sisi binadamu sehemu nyeupe ya jicho inaonekana sana kuliko wanyama wengi, kwa hiyo tunajua mwenzetu anaangalia wapi hata akiwa mbali, tumezaliwa tunasoma macho. Na tabasamu, daktari wa Kifaransa Duchenne aliandika tangu 1862 kwamba tabasamu la kweli linakaza na msuli unaozunguka jicho, ule ambao wengi hatuwezi kuuamrisha. Kwa hiyo mtengeneza roboti akimpa midomo inayotabasamu bila kushughulika na misuli ya macho, amemtengenezea tabasamu la mtu anayekudanganya. Hakukusudia, lakini ndo tabasamu tulilofundishwa na maisha kuliogopa. Mori alisimulia roboti lililoonyeshwa kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, lilikuwa na jozi 29 za misuli ya bandia usoni, na akamnukuu aliyelibuni kwamba tabasamu lina mwendo wake, ukilipunguza spidi kwa nusu furaha inageuka kitu cha kutisha.

Halafu kuna upande mwingine ambao ni mzito zaidi. Kurt Gray na Daniel Wegner walitoa utafiti 2012 wakisema kinachotusumbua ni tukihisi mashine ina hisia ndani. Waliwaambia watu kuhusu kompyuta inayoweza kupanga na kutekeleza mambo, watu hawakujali sana. Wakawaambia kuhusu kompyuta inayosikia njaa, hofu, maumivu, watu wakaogopa. Na walipowaambia kuhusu binadamu mzima wa afya ambaye hana hisia ndani, hasikii uchungu wala raha, hapo pia watu wakaogopa. Yaani kitu kinachopaswa kuwa kitupu kikiwa na mtu ndani kinatisha, na mtu anayepaswa kuwa ndani akiwa hayupo anatisha. Hapo mimi nikasoma nikasema mbona hii ni habari ya msukule. Iwe unaamini mambo hayo au huamini, wewe chukua tu jinsi watu wanavyoyasimulia, huko Kanda ya Ziwa, Tanga, popote. Ndugu mliyemzika anaonekana. Sura yake, kovu lake, urefu wake. Hasemi, macho yamelegea, anakuangalia kama hakujui. Hakuna anayesimulia kwamba msukule ana pembe. Wanachokisimulia wote ni kwamba ni yeye na siye.

Na kuna ugonjwa kabisa unaofanana na hilo, ulielezwa na daktari wa Ufaransa Joseph Capgras mwaka 1923, mgonjwa anamwangalia mkewe au mamake, anaitambua sura, halafu anasema huyu si yeye, ni mtu kajifananisha. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba sehemu ya ubongo inayotambua sura inafanya kazi, ila ile inayoleta lile joto la kumjua mtu wako imekatika, kwa hiyo anaona uso bila kuhisi kitu na akili inamtungia sababu. Mimi naona kwa roboti wa namna ya Sophia sote tunakuwa hivyo kwa dakika chache. Macho yanasema mtu, kifua kinasema hapana.

Kuhusu kama hili la kusisimka tunazaliwa nalo au tunajifunza bado watu wanabishana. Watafiti wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 2009 waliwaonyesha nyani nyuso za nyani, za kweli, za kompyuta zilizochorwa ovyo, na za kompyuta zilizokaribia ukweli, na nyani wakakwepa kuangalia zile zilizokaribia. Nyani, ambao hawajasikia stori ya jini wala kuona filamu yoyote. Lakini Kimberly Brink na wenzake wa chuo kikuu cha Michigan wakawaonyesha watoto 240 wa miaka 3 mpaka 18 wakakuta walio chini ya miaka 9 hawamuogopi roboti anayefanana na mtu kuliko yule wa vyuma, hofu inakuja wakishakua wakaanza kuwa na picha ya mashine inaweza nini na haiwezi nini. Mimi sioni kama hizi mbili zinapingana sana, inawezekana jicho tunazaliwa nalo na maana tunajifunza, ila hilo tuwaachie wenyewe.

Ninachotaka kulisema kwa nguvu ni hiki. Kila mada hii ikija kuna watu wanakwambia aah mtazoea, hata treni watu waliiogopa, ni ushamba tu. Hapana jamani. Mtu aliyeogopa treni aliogopa kitu asichokijua. Mtu anayesisimka mbele ya uso wa silikoni anakijua vizuri mno anachokiangalia, amekuwa akisoma nyuso tangu ananyonya, na kinachomwambia hapa pana kasoro ni ujuzi, tena mkubwa. Kinafanya kazi kama pua inavyokwambia mchuzi umechacha kabla hujaonja. Kumwambia azoee ni kumwambia aache kunusa.

Na wapo waliosikiliza. Mori mwenyewe ushauri wake ulikuwa msihangaike kuvuka bonde, bakini kwenye kilele cha kwanza, tengenezeni kitu kizuri kisichojifanya mtu. Alitoa mfano wa mkono wa mbao uliochongwa na fundi wa sanamu za Buddha, vidole vinakunja kwenye maungio, hauna alama za vidole, una rangi ya mti tu, na ni mzuri unapenda kuuangalia. Mjapani mwingine, mtengeneza maroboti Takanori Shibata, alipotaka kutengeneza roboti la kuwaliwaza wazee na wagonjwa alijaribu paka kwanza, watu wakaanza kusema paka hayuko hivi, maana paka wanamjua. Akageukia mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini wa nchi za barafu, ambaye hakuna aliyemfuga nyumbani wa kusema unakosea, akamwita Paro, na leo wazee kwenye nyumba za kulelea nchi mbali mbali wanampakata wakimsemesha. Kwenye hekalu la Kodaiji kule Kyoto tangu 2019 kuna roboti Mindar linalohubiri, wamelipa uso na mikono ya silikoni ila mwili wameuacha alumini na nyaya wazi. Ameca la Waingereza wa Engineered Arts lililotoka mwishoni mwa 2021 lina uso unaokunja kila kitu vizuri ajabu, lakini wameupaka kijivu makusudi, hauna nywele, huwezi kusema ni wa mwanamke au mwanaume wala wa taifa gani. Kijivu kile ni heshima, kinakwambia mapema mimi ni nani.

Ndo maana hospitali au shule ya kwetu ikija kuletewa haya madude natamani wanunuzi wafikirie hili kabla ya kuvutiwa na lenye kope ndefu. Mgonjwa ameshachoka, asipewe na kazi ya kubishana na macho yake.

Maroboti yenyewe lakini bado ni ya watu wachache, lililotufikia sisi mikononi ni la kwenye simu. Tangu 2021 zimeenea programu za kufanya picha isogee. Binamu yangu, kwa nia njema kabisa, alichukua picha ya bibi yetu marehemu, ile ya studio, kavaa khanga ameifunga kichwani, akaipitisha humo akaiweka kwenye grupu la familia. Bibi anageuza shingo kushoto, anapepesa macho, anarudi kwako, anatabasamu, meno yote yanaonekana. Grupu likanyamaza, na grupu letu halinyamazi. Bibi maisha yake yote alikuwa akicheka anaziba mdomo na ncha ya khanga, hakuna mjukuu aliyewahi kuona meno yake akicheka. Shangazi akatuma sauti, hajafoka, anasema mwanangu nakuomba uifute hiyo, huyo siye mama yangu, mama yangu hakuwa na meno hayo. Akaifuta. Picha yenyewe isiyosogea ipo ukutani kwa shangazi mpaka leo na tunaipenda, tunasimama tunaiangalia, haimtishi mtu, maana picha iliyotulia haijaahidi kitu.

Ila nimalizie na lile linalonipa mawazo zaidi kuliko yote. Mwaka 2022 Sophie Nightingale na Hany Farid walitoa utafiti, waliwapa watu picha za nyuso, nyingine za watu kweli nyingine za kutengenezwa na kompyuta, wakaambiwa watofautishe. Wakapatia asilimia 48, yaani hata ukirusha shilingi juu unaweza kupatia kuliko hivyo. Na walipoulizwa unamwamini nani, nyuso za kompyuta zikaaminiwa kidogo zaidi ya za watu, asilimia 7.7. Kwa hiyo kwenye picha iliyotulia bonde limeshavukwa, wako ng'ambo. Video nazo zinakaribia, sauti ndo usiseme. Miaka yote hii tumelalamika kwamba vitu hivi vinatusisimua mwili na kumbe ule msisimko ulikuwa unatulinda, tulikuwa tunaona kwato. Sasa vinakuja visivyo na kwato.

Kwa hiyo kwetu tumeshakubaliana, na nashauri na nyie mkae mkubaliane mapema. Akipiga mtu anataka hela haraka, hata kwa video, awe na uso wa mama na sauti ya mama, unamuuliza kitu cha ndani ambacho hakijawahi kuandikwa popote, mbuzi wa bibi aliyekula mkeka aliitwa nani, nani alidondoka kwenye mwembe, vitu kama hivyo. Mama mwenyewe alikuwa wa kwanza kuliunga mkono, akasema na mimi mkinipigia nitawauliza, na asiyejibu asinitafute. Anayeulizwa marufuku kununa.